Visweta vya Katibu

Mwanamume akistaafu, mke wake hukaa macho kuona ataangukia wapi: kwenye chupa, kwenye siasa, au kwenye nyumba ndogo. Mume wa Katibu aliangukia kwenye uzi wa sufu, na mkewe hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Chupa angeielewa. Wenzake wangempa pole, naye angeipokea kwa kichwa kilichoinamishwa vizuri. Lakini utamwambia nani kwamba mumeo, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala, anaamka asubuhi, anakunywa chai, anavaa miwani, anachukua sindano mbili ndefu na kuanza kufuma sweta la mtoto mchanga? Kufuma alijifunzia mpakani, kwenye foleni za malori, alikofundishwa na dereva mwenzake wakisubiri karatasi za mizigo. Miaka yote ile alifumia ndani ya kichwa cha lori, mbali na macho ya watu. Sasa lori lilikuwa la mtu mwingine, na Dereva, kama kila mtu alivyoendelea kumwita, alifumia sebuleni kwa Katibu.

Na laiti ingekuwa kufuma tu. Alikuwa pia na ugonjwa wa kutotupa kitu. Shuka likichakaa katikati alilipasua kwa urefu, akageuza kingo zikaja katikati, akalipitisha kwenye cherehani, likalalika tena. Kola ya shati ikisagika aliibandua, akaipindua na kuirudisha, shati likawa jipya shingoni na zee mgongoni. Siku ya mitumba alirudi na masweta makubwa ya mabwana wanene wa ng'ambo, yale ambayo muuzaji anaongezea bure ili yamwondokee. Aliyafumua yote, akaosha uzi, akauning'iniza bafuni na kopo la maji chini yake ili unyooke, kisha akauzungusha madonge. Bwana mnene mmoja alitoa visweta vya watoto kadhaa, na uzi wa soksi ukabaki. Jambo hilo lilimpa Dereva raha ambayo mshahara haukuwahi kumpa. Mara nyingine alikaa tu, donge la uzi wa buluu mkononi, akilibonyezabonyeza na kutabasamu kama mtu aliyeletewa habari njema.

Katibu alipenda vya dukani. Kitu chenye lebo alikiheshimu. Yeye alikuwa katibu wa chama cha akina mama wa mtaa, na cheo hicho kilikuwa kimemkaa mwilini hata watoto wa jirani walidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Mtu wa aina hiyo hawezi kuwa na mume anayefuma. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu. Hodi ikipigwa, Dereva alikusanya uzi wake na kuingia stoo, akaketi juu ya gunia la mchele kati ya ndoo na jiko bovu, akaendelea kufumia huko mpaka mgeni aondoke. Hakulalamika. Mtu aliyelala mpakani siku nyingi chini ya lori haoni stoo kuwa ni mahali pabaya.

Uongo wenyewe ulianza kwa wema. Jirani wa ghorofa ya chini alijifungua watoto pacha msimu wa baridi, na Dereva, bila kuombwa, akafuma kofia mbili za manjano zenye vifuniko vya masikio. Katibu ndiye aliyezipeleka. Mama Pacha, kama alivyoitwa tangu siku hiyo, alizipokea, akazivalisha vichwa vile viwili vidogo, machozi yakamlenga. Kisha akauliza nani amezifuma.

Katibu angeweza kusema amezinunua, na uongo huo ungekufa palepale. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya kitu kilichotoka mkononi mwa Katibu. Kumbukumbu zake za mikutano zilisomwa kila mwezi na hazikumliza mtu.

"Nimefuma mwenyewe," akasema.

Alipomsimulia mumewe, Dereva alicheka. Alichotaka kujua ni kama kofia zimewatosha. Basi, biashara ya sifa ikafunguliwa: mume akawa anafuma, mke anasifiwa, na kila mmoja akaona amepata fungu lake. Oda ziliingia. Katibu aliketi vikaoni na sindano zimechomoza nje ya mkoba, hazifumi kitu, zinaonekana tu.

*

Mkutano ulioharibu mambo ulifanyika sebuleni kwake mwenyewe. Alikuwepo Mama Pacha, walikuwepo akina mama wengine wa mtaa, na kwenye kochi refu, peke yake kwa sababu ya mwili na cheo, alikaa Mwenyekiti, mke wa mkandarasi. Gari lilimsubiri nje.

Mwenyekiti alikuwa na jambo jipya. Aliwaeleza kwamba siku hizi kubana matumizi si shida tena, ni burudani. Wanawake wenye akili zao wanashona, wanafuma, wanageuza magauni ya zamani kuwa foronya, na wanafanya hivyo kwa raha, kutuliza mawazo. Yeye mwenyewe ameagiza sindano za mianzi kutoka nje. Ni ghali kidogo, alikiri, lakini mtu anayetaka kubana matumizi lazima aanze na vifaa bora. Mama mmoja ambaye amekuwa akigeuza magauni ya zamani kuwa foronya tangu aolewe, bila kuambiwa kwamba anaburudika, alitazama sakafu.

Ikakubaliwa kuwe na maonyesho ukumbini. Kila mama ataleta kitu cha mkono wake. Mgeni rasmi atakuwa Matroni wa hospitali, na Katibu atamkabidhi visweta kwa ajili ya watoto wa wodi ya wazazi, kisha atawaonyesha wenzake namna ya kufuma. Walipiga makofi. Kichwa cha Katibu kilivimba kiasi kwamba kingeshindwa kupita kwenye kofia yoyote ya mumewe.

Ndipo Mama Pacha akauliza, kwa nia njema kabisa, mzee anasemaje kuhusu uzi wote ule ndani ya nyumba.

"Yule?" Katibu akasema. "Yule hata kifungo hajui kinashikwa upande gani. Ukimpa donge la uzi akushikie, analiangusha. Mikono ya watu wa malori mnaijua, ni ya spana. Kustaafu kwenyewe ni kukaa tu kama gunia, unamzunguka ukifagia."

Wakacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka kochi likalia. Kila mmoja akatoa la mume wake, na sebule ikachangamka kama sherehe.

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao nyembamba. Nyuma yake, Dereva alikuwa amekalia gunia, mkono wa kisweta cha oda ukiwa nusu kwenye sindano. Walipokuwa wakicheka alifuma mpaka mwisho wa mstari, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha mstari katikati. Kisha akachomeka sindano kwenye donge.

Wageni walipoondoka, Katibu alifungua mlango wa stoo akiwa bado anaongea, anahesabu visweta vitakavyohitajika na rangi zitakazopendeza mezani. Dereva alitoka, akatia kila kitu kwenye mfuko wa turubai aliojishonea, akaufunga kamba kwa fundo la mzigo wa safari, akauweka juu ya kabati. Alisema "Sawa" kwa kila alichoambiwa.

*

Asubuhi iliyofuata alikunywa chai, hakuvaa miwani, akatoka. Alikwenda kwenye kibanda cha fundi viatu, wanakokaa wastaafu wa mtaa kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Huko walimpokea kwa shangwe. Walikuwa wamejiuliza siku nyingi mzee mwenzao anajificha na nini, na Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa pale, alishasema kwamba bila shaka ni mwanamke.

Katibu akapata mume wa kawaida, kama wa watu. Mume wa kawaida alirudi mchana na kuuliza kama chakula kipo tayari. Aliweka miguu juu ya stuli. Alisoma gazeti la juzi kwa sauti na kuitukana serikali. Pindo la pazia lilichomoka, akalitazama likining'inia. Shuka lilipasuka, akavuta upande mzima. Jumapili moja alimletea mkewe shati, akalilaza mapajani mwake.

"Mama watoto, kifungo."

Katibu alilitazama shati, akamtazama mume. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kuombwa kitu kama hicho.

"Si ungelishona tu?"

"Mimi?" Dereva akasema kwa upole. "Mikono hii ni ya spana."

Akarudi kwenye gazeti lake. Katibu alibaki na shati mapajani, joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Alikusudia kuomba msamaha. Kilichomtoka ni lawama: kwa nini hakukohoa? Mtu akiwa stoo na anasikia anasemwa, si anakohoa, watu wakajua yupo? Dereva akamjibu kwamba gunia halikohoi.

Shati alilipeleka kwa fundi cherehani mtaa wa tatu, ambako hakutegemea kukutana na mtu. Fundi alimtambua mara moja. Akamwuliza kwa mshangao inakuwaje Katibu mwenyewe, anayesifika kote, analeta kifungo kimoja. Katibu akasema shati ni la jirani, mtu mvivu sana.

Binti yao, muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali ileile ya Matroni, aliishi nao na aliyaona yote haya akiingia na kutoka zamu. Hakuuliza. Lakini siku za maonyesho ziliposogea na mfuko wa turubai ukaendelea kukaa juu ya kabati, mama yake alimfuata chumbani, akafunga mlango, akamwomba amfunge bendeji kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Bendeji kubwa, ya kuonekana kwa mbali.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nifunge tu."

"Mama, mimi ni muuguzi. Visingizio sishughuliki navyo." Binti akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga chini ya kitanda. "Neno lenyewe ni moja tu, na mtu wa kuambiwa yuko sebuleni. Nenda kamwambie."

Katibu alikwenda mpaka sebuleni. Dereva alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, gazeti kifuani. Akajiambia si vizuri kumwamsha mtu kwa neno kama lile. Siku ya pili alipanda gari la abiria kwenda mjini, akaingia duka la nguo za watoto, akanunua visweta sita kwa pesa ya maji na ya umeme. Nyumbani alikaa kitandani na wembe, akaondoa lebo moja baada ya nyingine. Mtu aliyeheshimu lebo maisha yake yote alizikusanya zote kiganjani na kuzitumbukiza chooni.

*

Ukumbi ulipendeza. Kulikuwa na mazulia ya vitambaa vilivyosukwa, aproni, mikoba, blanketi la viraka ambalo kila mtu alilishika. Meza ya mbele ilikuwa na mto wa Mwenyekiti, umefumwa kwa zile sindano za mianzi. Waliokaa karibu na jikoni walijua kwamba umefumwa na msichana wake wa kazi, na msichana mwenyewe alijua kwamba wanajua, maana alikuwa akigawa maji na kutazama pembeni kila alipoupita. Pembeni ya mto vilipangwa visweta sita vya Katibu.

Matroni alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Alisifu kila meza kwa maneno machache. Alipofika kwenye visweta alikichukua kimoja, akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono ya ubavuni. Akachukua cha pili. Akasema yeye naye anafuma tangu ujana, na miaka yote shingo humsumbua, humtoka pana upande mmoja. Hizi zimelingana kama zimepigwa muhuri.

"Unaanzaje?" akauliza. Akachukua sindano za mianzi na donge la uzi, akamkabidhi Katibu. "Nifumie mstari mmoja niuone mkono wako."

Akina mama walisogeza viti. Mwenyekiti aliwataka wa nyuma wasimame ili waone. Katibu alizishika zile sindano, nyepesi mno, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba katika miaka yote aliyoishi na mtu anayefuma hakuwahi hata siku moja kutazama vidole vyake. Alikuwa akitazama mlango, kama kuna anayekuja.

"Sijui," akasema.

Matroni akavitupia visweta jicho.

"Hivi nimevinunua. Vile vya kwanza, na kofia za pacha, na vyote mlivyonisifia, anavifuma mume wangu. Mimi sijui kufuma. Yeye ndiye anayejua."

Mwenyekiti akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, na wote wakamfuata. Waligongana mabega. Mmoja akasema walikuwa hawajui kama Katibu ni mchekeshaji. Mwingine akauliza kama mzee hujifungua pia, maana huenda ndiye aliyemzaa yule muuguzi. Matroni, akifuta macho, akasema basi fundi huyo aletwe, naye atamsalimia kwa heshima zote.

Alisema hivyo kwa mzaha. Katibu alilichukua neno lile kama lilivyo. Akaweka sindano mezani, akatoka na gauni lake la sherehe, akakata njia mpaka kibanda cha fundi viatu.

Wastaafu walikuwa wamelizunguka bao la drafti. Walipomwona shemeji yao amesimama juani anahema, walisimamisha mchezo. Fundi viatu akashusha nyundo.

"Baba watoto," Katibu akasema, na hakupunguza sauti, "wanakuhitaji ukumbini. Nimewaambia kwamba wewe ndiye unayefuma. Hawaniamini. Twende ukawaonyeshe."

Mwalimu mstaafu alipaliwa na chai. Wote walimgeukia Dereva. Dereva alikuwa ameshika kizibo hewani, na kizibo kilikaa hapo hapo. Alizitazama nyuso za wenzake mmoja mmoja, nyuso zilizokwisha kuanza kufunguka kwa kicheko kinachosubiri ruhusa. Kisha akatazama bao.

"Mke wangu ana utani," akasema, akala kete mbili.

Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kama cha watu walioponea ajali. Mwalimu akamwambia shemeji awaachie mzee wao, leo anashinda. Katibu alisimama kidogo zaidi, kisha akageuka.

Ukumbini waliuliza fundi yuko wapi. Akasema amekataa. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Akaketi, akachukua sindano za mianzi bila kuambiwa, akajaribu. Alizungusha uzi, ukateleza. Akazungusha tena, akatoboa, akavuta, kikatokea kitu kama fundo la kamba ya mbuzi. Alijaribu tena na tena huku jasho likimtiririka, na kadiri alivyojaribu ndivyo walivyoona. Mama Pacha ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliweka mkono mdomoni, akaangalia vichwa vya wanawe aliowapakata na zile kofia za manjano.

Matroni aliinama, akamwondolea sindano vidoleni, taratibu, kama anavyomwondolea mgonjwa kikombe.

"Basi, mama," akasema. "Umechoka."

Angetukanwa ingekuwa afadhali. Mwenyekiti akatangaza kwamba soda zipo tayari.

*

Alipofika nyumbani, Dereva alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi sebuleni, miguu chini, hana gazeti. Katibu aliketi mkabala naye na gauni lake la sherehe, mkoba mapajani, kama mgeni. Jikoni binti yao, aliyekuwa akipika, alipunguza moto na kuacha kugonga mwiko.

"Umenikana mbele ya watu," Katibu akasema.

"Nimekukana."

"Mimi nilikuwa nimeshawaambia ukweli. Peke yangu nimesimama kule mbele, wananicheka. Nikakufuata. Ukasema nina utani."

Dereva alikubali kwa kichwa. Akasema alipoziona zile nyuso aliogopa. Barabarani amekutana na majambazi, amekatikiwa breki mteremkoni, hakuogopa vile. "Na nilijifunza kwako," akaongeza. "Miaka yote umenifundisha kwamba ni jambo la kufichwa, nami mwanafunzi wako nimefaulu. Angalau leo wewe ulikuwa umesimama. Mimi nilikanwa nimekalia gunia."

Katibu alifungua mkoba, akaufunga.

"Nisamehe," akasema. "Si kwa ajili ya visweta. Kwa yale niliyosema."

Dereva, badala ya kujibu, aliuliza alizishikaje zile sindano huko mbele ya watu. Katibu akachukua kalamu mbili mkobani, akamwonyesha. Dereva alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Hivyo?"

"Hivyo."

"Basi walikuwa waungwana sana," akasema, na jikoni binti yao akashindwa kujizuia, akacheka.

*

Asubuhi alitoka na mfuko wa turubai. Alifika kwa fundi viatu, akasalimia, akaketi, akavaa miwani, akatoa ule mkono wa kisweta uliobaki nusu. Mwalimu mstaafu alimwuliza ni mimba ya miezi mingapi. Mwingine akataka kujua kama shemeji ndiye anayevaa suruali siku hizi. Dereva masikio yalimwiva, lakini vidole havikusimama. Walimtania mpaka mchana, na kesho yake, na keshokutwa, mpaka fundi viatu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza mbona yeye anashona tangu asubuhi mpaka jioni na hakuna aliyewahi kumcheka. Mwalimu akasema viatu ni jambo lingine, lakini alisema bila nguvu.

Katibu alikuwa na ya kwake. Kikao kilichofuata kilimshukuru kwa utumishi wake wa muda mrefu, kikampumzisha. Daftari alipewa mama mwingine. Ila baada ya wiki chache Mwenyekiti alifika mwenyewe, akaliacha gari kona ya mbali, akapanda ngazi akihema. Akina mama wanataka kujifunza, alisema, na Matroni ameuliza habari za yule fundi, kumbe yupo kweli. Wamefikiri mzee aje kwake Alhamisi. Apitie geti la jikoni. Kuna chumba cha nyuma, hakina dirisha la barabarani, hakuna atakayemwona, maana waume za watu wana maneno, na yeye mwenyewe, kama mke wa mkandarasi, ana jina la kulinda.

Katibu alimsikiliza mpaka mwisho. Zamani angeyaandika yote hayo na kuyaita maazimio.

"Hapana," akasema. "Kwenye vyumba vya nyuma amekaa vya kutosha. Mkimtaka yupo kwa fundi viatu, barazani, kila siku. Mje na viti vyenu."

Mwenyekiti alinyanyuka, akasema hajawahi kujibiwa hivyo na mtu asiye na cheo. Akashuka ngazi kwa vishindo.

Wa kwanza kwenda barazani alikuwa Mama Pacha, mtoto mmoja mgongoni, mwingine akamkabidhi fundi viatu, ambaye alimpakata bila kuuliza. Wakafuata wengine, wawiliwawili, kwanza wakijifanya wanapita kutengeneza viatu. Wastaafu walisogeza bao lao kivulini huku wakinung'unika. Mwalimu alikaa akiwapa mgongo, lakini kete zake zikawa zinaliwa ovyo, kwa sababu alikuwa akisikiliza masomo. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, na mwavuli na sindano za mianzi, akaketi pembeni na kusema amekuja kukagua.

Dereva alikuwa mwalimu mpole. Aliyeangusha kitanzi alimwonyesha namna ya kukidaka, aliyebana uzi alimwambia aachie kidogo kama anavyoachia usukani kwenye kona. Mto wa Mwenyekiti hakuutaja. Upole huo ulikuwa na mpaka, na mpaka wake ulikuwa mke wake.

Katibu alikuja kila siku na kuketi mbele kabisa, mgongo wima, kama yuko meza kuu. Kazi yake ya kwanza, iliyokuwa iwe skafu, ilianza na upana wa kiganja na kumalizikia na upana wa kidole, ikiwa na matundu katikati ambayo hakuweza kuyatolea maelezo. Aliifuma kwa siku nyingi na kuipenda. Alipomaliza aliinyoosha mbele ya mumewe, wanawake wote wakiangalia, na hata wastaafu wakageuka.

Dereva aliipokea, akaiweka kwenye mwanga, akaipitia kutoka mwanzo mpaka mwisho kama alivyokuwa akikagua mzigo kabla ya kuvuka mpaka. Akamrudishia.

"Fumua, mama watoto. Uanze upya."

Mwenyekiti alishusha mwavuli ili aone vizuri. Katibu alimkazia mumewe macho, yale macho ya vikaoni, yaliyowahi kuwanyamazisha wajumbe wazima. Dereva alikuwa ameshamwinamia Mama Pacha, anamtafutia kitanzi kilichopotea.

Akauvuta uzi. Skafu ikaanza kurudi nyuma mstari kwa mstari, naye akauzungusha kwenye vidole huku akimwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba vitu vya dukani vina raha yake moja kubwa: ukishanunua, hakuna mwalimu anayekufuata.

"Na uuzungushe vizuri," Dereva akasema bila kugeuka. "Unautia mafundo."